Mali Bila Daftari: Maneno Juu ya Shauri la Shamba

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano wa Mwaka)



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya mashauri ya mashamba, kwa kuwa wengi wenu mmefika afisini na swali moja: "Cheti ni changu, yawaje nishindwe kumtoa mtu aliyekaa shambani mwangu?" Nitajibu kwa kuwasimulia yaliyotufika nyumbani kwetu.

Marehemu baba hakuwa na roho ya kumnyima mtu pa kulima. Watu wawili walimwomba, akawapa sehemu, na kila mavuno wakamletea gunia la mahindi. Baba aliyaandika hayo katika daftari, nao wakatia sahihi. Mtu wa tatu hakuomba. Alilima upande wa mtoni, akajenga, akazungusha ua. Baba akasema, "Mwacheni, tutazungumza." Hawakuzungumza mpaka baba akafariki.

Sisi watoto tulimwandikia mtu yule barua tatu, tukadhani tumejilinda. Shauri lilipofika katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ndipo tulipoijua Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22. Mwenye ardhi hupewa miaka 12 ya kuidai. Ikipita, naye mkaaji amekaa waziwazi, mfululizo, pasipo ruhusa, aweza kuiomba mahakama imwandikishe yeye kuwa mwenye ardhi. Barua haikatizi hesabu hiyo. Sharti shauri lifunguliwe, au mwenyewe aingie na kuishika tena ardhi yake. Wala kufa kwa baba hakukuirudisha hesabu mwanzo. Tulitaka kusema kwamba jambo hili lapingana na Katiba ya 2010, lakini Mahakama ya Rufani iliyoketi Malindi ilikwisha kulikataa neno hilo mwaka 2015. Basi upande wa mtoni ukatutoka. Hata leo mama yangu hapiti njia ile.

Wale wawili je? Daftari la baba ndilo lililotuokoa, kwa maana akaaye kwa ruhusa hahesabiwi miaka hiyo maadamu ruhusa yadumu. Walakini hatukuwaendea na mapanga. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, yataka ilani ya maandishi ya muda usiopungua miezi 3, na nakala zake zifike kwa Naibu Kamishna wa Kaunti na kwa mkuu wa polisi wa divisheni ya eneo hilo. Apewaye ilani ana haki ya kwenda mahakamani, na ana haki ya kubomoa mwenyewe na kuchukua vitu vyake. Mmoja alikuwa amemzika mtoto wake pale. Mama akasema kaburi lisiguswe, na njia ya kulifikia iachwe wazi. Hilo halikuamriwa na mahakama yoyote.

Wazee wangu, wema si kosa; kosa ni wema usioandikwa. Umkaribishapo mtu shambani, andikeni, mtie sahihi, na awepo shahidi. Umwonapo aliyeingia bila kuomba, usiseme "tutazungumza". Zungumza naye mwaka huo huo, na asipokubali, mwone wakili kabla miaka haijakwisha. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.