Nambari ya Juu, Homoni ya Chini

Kibera imezoea nambari za maabara. Kwa miaka mingi Madaktari Wasio na Mipaka waliendesha kliniki huko, hadi mwaka 2017 walipoikabidhi ile ya Kibera South kwa Kaunti ya Nairobi, na katika miaka hiyo wakazi wengi wa Silanga, Gatwekera na Laini Saba walijifunza kuuliza presha yao ni ngapi, sukari ni ngapi, na virusi vya UKIMWI vimepungua kiasi gani. Kwa kawaida, aliyekuwa na nambari kubwa alifurahi kuiona ikishuka.

Halafu kuna mgonjwa wa thairoidi, yaani tezi ya shingoni, iliyolegea. Karatasi yake imeandikwa TSH 14, na kando yake herufi inayoonyesha kwamba iko juu. Kwa mazoea ya presha na sukari, anaamua kwamba kuna kitu kimezidi mwilini na dawa ndiyo iliyokizidisha. Anapunguza vidonge. Baada ya wiki kadhaa uchovu unamrudia, baridi inamwingia hata jua likiwa kali, choo kinakuwa kigumu na uso unavimba asubuhi. Amefanya kinyume kabisa cha kilichohitajika, na wa kulaumiwa ni utaratibu uliomkabidhi karatasi bila maelezo.

TSH haitengenezwi na tezi ya shingoni. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kama ya nyapara wa mjengo: fundi akilegea, anapaza sauti; fundi akipitiliza, ananyamaza. Kwa hiyo TSH ya juu ina maana kwamba homoni ya shingoni ni kidogo. Ya chini sana kwa mtu anayetumia dawa huwa ni ishara kwamba dozi imezidi, na dozi iliyozidi huchosha moyo na kudhoofisha mifupa.

Maabara nyingi huhesabu TSH ya mtu mzima kuwa sawa ikiwa kati ya takriban 0.4 na 4.0. Nambari hiyo inasomwa pamoja na ya T4 huru, yaani homoni yenyewe iliyo kwenye damu. TSH ikipanda na T4 ikashuka, tezi imelegea waziwazi. TSH ikipanda kidogo huku T4 ikiwa sawa, huo ni ulegevu wa mwanzo, na mara nyingi daktari hurudia kipimo kabla ya kuamua lolote. Zote mbili zikiwa chini, yafaa kuchunguza hiyo tezi ya chini ya ubongo.

Vipimo hivi ni adimu katika zahanati ndogo. Mkazi wa Kawangware anaweza kupimwa leo katika maabara ya kulipia, na miezi mitatu baadaye akapimwa hospitali nyingine. Moja inaandika T4 yake ni 1.2, nyingine inaandika 15.4. Anaingiwa na hofu kwamba homoni imelipuka, kumbe ni kiwango kilekile kwa vizio viwili tofauti. Kabla ya kulinganisha karatasi mbili, ni lazima kuangalia vizio na mipaka ambayo kila maabara imechapisha. Ni bora zaidi kurudi maabara ileile, asubuhi, kabla ya kumeza kidonge cha siku hiyo.

Kuna karatasi nyingine inayowachanganya hata wahudumu: TSH bado iko juu, lakini T4 ni nzuri, hata imepita kidogo. Mara nyingi nyuma yake kuna mfuko mtupu. Vibarua vimekosekana, kodi ya nyumba imelipwa kwanza, dawa imekaa wiki tatu bila kununuliwa. Siku chache kabla ya kliniki mgonjwa anakopa, ananunua na kumeza kwa bidii ili asigombezwe. T4 inapanda haraka. TSH inachelewa kwa wiki nyingi. Daktari asiyeambiwa ukweli anaongeza dozi. Mwezi unaofuata kazi inapatikana, vidonge vyote vinamezwa, na moyo unaanza kwenda mbio. Kwa hiyo kliniki inayomgombeza mgonjwa kwa kukosa dawa inajinyima taarifa muhimu kuliko kipimo chenyewe.

Mtu anaweza pia kumeza kila siku na bado TSH isishuke. Wanaotoka Kibera alfajiri kwa miguu kwenda Industrial Area, au Kawangware kwenda kazi za nyumbani Lavington, humeza kidonge na chai ya maziwa mlangoni. Chai na maziwa hupunguza kiasi kinachoingia mwilini. Levothairoksini, yaani kidonge hicho cha thairoidi, inataka maji matupu, kisha nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Asiye na muda huo azungumze na daktari kuhusu kumeza usiku, saa tatu au zaidi baada ya chakula. Dawa za kuongeza damu zitenganishwe nayo kwa saa nne. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini aseme, kwa kuwa dawa hiyo huharakisha kuondolewa kwa homoni mwilini na dozi inaweza kuhitaji kupandishwa. Hata vidonge vya bayotini, vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, vinaweza kupotosha kipimo; mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2017.

Dozi ikibadilishwa, kipimo kingine kisubiri wiki sita hadi nane. Kupima baada ya wiki mbili ni kutupa pesa.

Wagonjwa wengi Nairobi huandikiwa matibabu kwenye daftari la shule. Daftari hilo linatosha kuweka kumbukumbu za thairoidi: tarehe, TSH, T4, jina la maabara, dozi, na siku ambazo dawa ilikosekana.

Anayehitaji kupimwa haraka kuliko wote ni mama mjamzito anayetumia dawa hii. Vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito havijumuishi thairoidi, ilhali mahitaji ya homoni hupanda mapema, mara nyingi kwa robo au zaidi. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupimia presha na sukari mlangoni kwa mtu. TSH hawawezi kuipima. Wanaweza kuomba kuona daftari, kutazama tarehe ya kipimo cha mwisho, na kumpeleka mama anayemeza levothairoksini kliniki wiki ileile anayojua ana mimba.