Safari ya Siku Mbili Mjini kwa Gari la Moshi
(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, karani, katika mkutano wa wanachama wa Dodoma)



Katibu wetu aliponitaka niseme neno mbele yenu juu ya jinsi mtumishi wa serikali awezavyo kuutembelea mji wa Dar es Salaam kwa gari la moshi mwisho wa juma, na kurudi kazini Jumatatu kama kawaida, nilisita kidogo. Sababu yake ni kwamba mara ya kwanza nilipoijaribu safari hiyo niliiharibu mwenyewe. Lakini nikafikiri kwamba aliyepotea njia aweza kuwaonyesha wenzake mahali penye shimo. Kwa hiyo nimekubali, nanyi mniwie radhi nikitaja habari za nyumbani kwangu.

Kwanza yafaa tukumbuke njia yenyewe. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1907 ilifika Morogoro, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Reli mpya, iliyo pana kuliko ile, ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na tarehe 25 Julai mwaka huo huo ikafika kwetu Dodoma. Gari lake halina moshi hata kidogo, maana huvutwa kwa nguvu ya umeme, nalo laweza kwenda kilomita 160 kwa saa. Twaendelea kuliita gari la moshi kwa kuwa ndivyo walivyoliita wazee wetu. Safari ambayo kwa basi hula mchana mzima, sasa huchukua muda wa saa tatu na nusu au nne hivi, kadiri ya gari ulilopanda na vituo linavyosimama.

Jambo hili latuhusu sisi kuliko watu wengine. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini wengi wetu tulihamishiwa huku tangu mwaka 2016, ofisi zilipoanza kuhama kwa wingi. Tumejenga nyumba huku, na watoto wetu wanakulia huku. Husikia habari za bahari shuleni, huichora kwa kalamu ya buluu, wala hawajaiona. Mimi nilimwahidi mwanangu mdogo kwamba nitampeleka aione. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya safari yangu ya kwanza.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Nilipopata mshahara nilikata tikiti bila kupiga hesabu, na fedha zilizopungua nikakopa. Tuliondoka Ijumaa jioni baada ya kazi, tukafika usiku. Tulikuwa na mizigo kama watu wanaohama: mchele, karanga, na zawadi za jamaa. Jumamosi yote na Jumapili yote tulizunguka tukiwaamkia jamaa, Mbagala, kisha Kimara, kisha Tegeta. Kila nyumba ilituandalia chakula, na kila nyumba ilinuna kwa sababu hatukulala kwao. Jumapili usiku tulipokwisha kuketi katika behewa na gari likaanza kwenda, mwanangu aliniuliza, “Baba, bahari iko wapi?”

Mabwana, sikuwa na jibu. Na jambo lililoniuma zaidi nililijua baadaye, nilipoitazama ramani: kutoka kituo kile cha Dar es Salaam hadi ukingo wa bandari ni mwendo mfupi wa miguu. Tulipita karibu na bahari mara mbili, zote usiku, nami sikugeuza hata kichwa. Jumatatu nilichelewa kazini, nikaulizwa sababu, na deni nilililipa kwa miezi mitatu. Hakuna wa kulaumiwa ila mimi mwenyewe.

Kwa hiyo safari ya pili niliishika kama tunavyoshika faili la ofisini, na mambo niliyoyafuata ni haya.

La kwanza ni fedha. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari, nasi makarani hatuna udhuru, maana daftari ndiyo kazi yetu. Nauli iliyotangazwa mwaka 2024 kwa gari la kawaida kati ya Dodoma na Dar es Salaam ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa zaidi ya miaka minne hadi kumi na miwili alilipa nusu yake. Mume, mke na watoto wawili ni shilingi 93,000 kwenda, na kurudi vivyo hivyo, jumla 186,000. Hiyo ni hesabu ya nauli ile. Nanyi ulizeni ya siku yenu kabla ya kuandika. Ongezeni chumba cha kulala, chakula, nauli za mjini, na akiba ya dharura. Jumla mtakayopata igawanyeni kwa miezi mtakayoweza kungoja. Ikiwa haigawanyiki bila kukopa, ahirisheni safari. Bahari haihami.

La pili ni wakati. Kateni tikiti mapema, ya kwenda na ya kurudi pamoja, kwa sababu mwisho wa juma na siku za sikukuu viti hujaa upesi. Chukueni kitambulisho, na majina yaandikwe sawasawa na yalivyo katika kitambulisho. Fikeni kituoni mapema, maana mizigo hukaguliwa kwa mitambo kama katika uwanja wa ndege, na malango hufungwa kabla ya gari kuondoka. Kumbukeni pia kwamba kituo kipya cha Dodoma hakiko pale kilipo kile cha zamani katikati ya mji; mwenye kukisia njia alfajiri hukosa gari. Tena chagueni gari la mchana. Watoto wataiona milima na mahandaki ya upande wa Kilosa, kisha Uluguru itasimama mbele yao mtakapokaribia Morogoro. Msichague gari la mwisho la Jumapili usiku. Mashine ni mashine, umeme ni umeme, nayo ofisi haikubali udhuru wa reli.

La tatu ni jamaa, nalo ndilo gumu. Mtu hawezi kwenda Dar es Salaam akawapita shangazi zake kama mgeni asiye na kwao. Lakini pia hawezi kuzunguka nyumba saba katika siku mbili. Mimi nilimpigia simu shangazi yangu mkubwa mwezi mzima kabla ya safari, nikamwambia kwa adabu, “Shangazi, shikamoo. Safari hii nimewaleta watoto waione bahari. Naomba utukusanyie jamaa kwako Jumapili baada ya ibada, tuwaamkie wote pamoja.” Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema hajapata kuombwa jambo jepesi kama hilo. Jamaa wote walikuja. Hakuna aliyenuna, kwa kuwa mkubwa wao ndiye aliyewaita.

La nne ni kuchagua upande mmoja wa mji na kuuacha mwingine. Dar es Salaam ni kubwa mno kwa siku mbili. Lakini kituo cha reli kiko katikati ya mji mkongwe, na mtu aweza kuanzia hapo akatembea kwa miguu. Karibu ni Boma la Kale, jengo la zamani za Seyyid Majid wa Unguja, aliyeanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860 mahali palipoitwa Mzizima. Ukifuata barabara ya Sokoine utayaona makanisa mawili yaliyojengwa zamani za Wajerumani, la Mtakatifu Yosefu na la Azania Front, na bandari iko upande wako wa kulia.

Kutoka hapo pandeni hadi sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927 kuwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita vya 1914 hadi 1918, nayo imeandikwa maneno ya Kiswahili pamoja na ya Kiingereza. Waachieni watoto wenu wayasome wenyewe. Kisha waambieni asili ya jina la Kariakoo: ni jina la jeshi la wapagazi, Carrier Corps, lilivyogeuka katika vinywa vya watu. Wengi wa wapagazi hao walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mtoto akilijua hilo, hatalisikia tena jina la Kariakoo kama jina la soko tu.

Mbele kidogo ni Jumba la Makumbusho ya Taifa, lililofunguliwa mwaka 1940. Watoto wataelezwa humo habari za fuvu la mtu wa kale aliyeonekana Olduvai mwaka 1959. Barabara inayopita hapo ni ya Shaaban Robert, mtu ambaye alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926. Twatembea basi katika njia ya mwenzetu. Mwisho teremkeni Kivukoni, kwenye soko la samaki, mpande pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Nauli yake ni ndogo, na upepo wa bahari ni bure.

La tano ni kuandika. Bwana Martin Kayamba, aliyekiongoza chama cha watumishi wa serikali Waafrika kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922, alikwenda Uingereza mwaka 1931, naye aliporudi aliandika kitabu cha mambo waliyoyaona na kuyafanya huko. Hakuiacha safari yake ipotee. Nasi tuwape watoto wetu daftari ndogo, kila mtoto aandike mambo matatu kila siku. Ni zawadi isiyogharimu kitu, nayo hudumu kuliko peremende.

Ndugu wanachama, mwaweza kuniuliza, je, karani mwenye mshahara mdogo ana haja gani ya kutembea kwa kujifurahisha? Najibu kwamba likizo ni haki tuliyoipata kwa kazi, lakini mara nyingi twaitumia kwa misiba na kwa madeni tu, watoto wetu wakatujua kama watu wachovu wanaorudi jioni. Siku mbili zilizopangwa vema zatosha kubadili hilo. Na ahadi tuliyompa mtoto ni deni kama madeni mengine, ila mdai wake hana baraza la kutushitaki.

Katika safari ile ya pili tuliondoka Jumamosi kwa gari la asubuhi. Tulipofika sikumwambia mwanangu neno. Niliishika mikoba miwili, tukateremka, tukavuka barabara, tukaenda mpaka ukingoni. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama upande wa pili kuna watu. Nikamwambia, “Wapo. Kesho tutavuka.” Nasi tukavuka. Jumapili saa kumi jioni tulikuwa tumekwisha kuketi katika behewa, na Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nilikuwa mezani pangu, wala sikuwa nadaiwa na mtu.

Mwanachama atakaye kuiona hesabu yangu ya safari aje, nitampa ainakili.