Kuhama Nyumba kwa Ajili ya Shule

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani, na vijana wetu wanafunzi wa madrasa na wa skuli. Tumeulizwa swali na wazazi, tena si mara moja, nasi tumeona si vyema kulijibia pembeni, kwani linawahusu wengi. Swali lenyewe ni hili: Je, inajuzu mzazi kumhamisha mtoto wake, au kuihamisha nyumba nzima, kutoka wilaya moja kwenda nyingine, kwa ajili ya kumpatia nafasi katika shule nzuri ambayo kwao asingeipata?

Kuhama kwa ajili ya elimu ni jambo tukufu, wala hatuna haja ya kulitafutia udhuru. Imamu Shafii, ambaye wengi wetu huku pwani na bara tunaifuata madhehebu yake, alizaliwa Ghaza mwaka 150 wa Hijra, sawa na mwaka 767. Baba yake akafa naye angali mchanga. Mama yake, mjane asiye na mali, alifunga safari akamchukua mwanawe hadi Makka, penye jamaa za baba yake na penye wanazuoni. Hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Mwalimu akaridhika kumsomesha kwa kuwa mtoto yule alikuwa akishika nafasi yake na kuwaangalia wenziwe kila mwalimu alipoondoka. Alipokua akahama tena kwenda Madina kusoma kwa Imamu Malik. Basi angalieni: mwanamke mmoja alihama nyumba, na umma mzima ungali unaneemeka kwa kuhama kwake hadi leo. Na katika Afrika Mashariki yetu hii, ni wangapi waliovuka bahari kwenda Lamu kusoma katika msikiti wa Riyadha, aliouasisi Habib Saleh, ambaye naye alikuwa mhamiaji kutoka Ngazija? Hakuna mwanachuoni aliyewalaumu hao.

Lakini sote twajua kwamba Mtume (S.A.W.) alipotufunza kuwa amali hupimwa kwa nia, mfano alioutoa ni huo huo wa kuhama. Hakutoa mfano wa sala wala wa saumu. Alieleza kuwa wako wanaohama kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na wako wanaohama kwa ajili ya dunia au mwanamke wa kuoa, na kila mmoja fungu lake ni lile alilolihamia. Kwa hiyo kuhama ni amali inayoweza kuwa na sura moja kwa nje na sura nyingine kabisa kwa ndani. Na hapo ndipo penye mas-ala yetu.

Yafaa vijana wajue habari ilivyokuwa, maana hawakuiona. Katikati ya miaka ya 1970, nchi yetu ilipoazimia kule Musoma, mwaka 1974, kwamba kila mtoto asome shule ya msingi, sekondari zilikuwa chache mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kila watoto mia waliomaliza darasa la saba, hata watano hawakuingia katika sekondari za serikali. Na shule hizo chache hazikuenea sawasawa. Mikoa iliyowahi kupata shule nyingi tangu enzi ya ukoloni ilikuwa mbele sana, na huku kwetu kusini, mbali na reli, tukiwa nyuma. Lau watoto wa nchi nzima wangalishindanishwa katika orodha moja, mtoto wa Newala au wa Masasi angalionekana kwa nadra. Ndipo serikali ikagawa nafasi kwa mafungu: kila mkoa na fungu lake, na ndani ya mkoa kila wilaya na fungu lake. Alama za kuchaguliwa hazikuwa sawa kila mahali. Alama ambazo mahali pengine hazikumfikisha mtoto popote, huku zilimfungulia mlango.

Yaliyofuata yanajulikana. Wakaonekana katika orodha za darasa la saba za wilaya zilizo nyuma watoto ambao wanakijiji hawakuwajua. Mtoto amesoma miaka sita kwao, mwaka wa saba analetwa kwa mjomba aliye mtumishi wa serikali, anafanya mtihani, anachaguliwa kwa fungu la wilaya ile, kisha anarudi kwao. Wengine hata kitanda hawakuhamisha. Lililohama ni jina, likiwa juu ya karatasi.

Wala hili si letu peke yetu. Huko Uingereza ziko sekondari za serikali zinazochagua watoto kwa mtihani wafikapo umri wa miaka 11, na baadhi yake hutanguliza wanaokaa karibu. Basi wazazi wenye uwezo hupanga nyumba karibu na shule kwa miezi michache, au huandika anwani ya bibi, na halmashauri za huko hulazimika kuchunguza nani anakaa wapi, na nafasi iliyopatikana kwa udanganyifu hunyang'anywa. Mwanadamu ni yule yule, awe kwenye baridi au kwenye jua.

Tukirudi kwenye swali, jibu letu ni kwamba mzazi aliyehama kweli, akakaa mahali, akawa jirani wa watu, akazika nao na kuzikiwa nao, mtoto wake ni mtoto wa mahali pale. Hana mtu wa kumwuliza lolote, hata kama alihama kwa sababu ya shule tu. Vivyo hivyo mtoto aliyepelekwa kwa shangazi au kwa kaka akalelewa pale. Ama aliyeandika kuwa anakaa mahali asipokaa, huyo ametoa ushahidi wa uongo. Na Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye kauli ya uongo na ushahidi wa uongo akakaa kitako, akawa akilikariri neno hilo hata sahaba zake wakatamani anyamaze, kwa kumwonea huruma. Leo twaliita jambo hilo ujanja wa mjini.

Tena si uongo mtupu usiomdhuru mtu. Fungu la wilaya ni mali ya watoto wa wilaya ile. Nafasi zikiwa kumi na akaingia wa kumi aliyeletwa, yuko mtoto wa kumi na moja aliyebaki nyumbani kwao akalima korosho maisha yake yote, asijue kuwa jina lake lilikuwa limefikiwa. Mwizi wa mbuzi humjua aliyemwibia, akitaka kutubu huenda akamlipa. Huyu atamlipa nani? Atamtafuta wapi?

Liko na lililo baya zaidi. Wapo waliochukua jina la mtoto mwingine, aliyeacha shule au aliyehama, ili mtoto wao aliyeshindwa arudie darasa la saba, kwa kuwa kurudia kulikatazwa. Mtoto aliyezaliwa na baba yake, akatiliwa akika kwa jina lake, akaitwa miaka na miaka kwa jina la mtoto wa mtu mwingine na baba wa mtu mwingine. Hebu tukumbuke kisa cha Zaid bin Haritha. Mtume (S.A.W.) alimwacha huru na kumpenda mno, na watu wakawa wakimwita Zaid mwana wa Muhammad. Hapana heshima ya jina iliyo kubwa kuliko hiyo. Hata hivyo Mwenyezi Mungu akateremsha katika Sura ya Ahzab amri kwamba wana waitwe kwa baba zao, na Zaid akarudi kuwa mwana wa Haritha. Basi ikiwa jina la Mtume mwenyewe halikuachwa limfunike baba mzazi, itakuwaje jina lililonunuliwa kwa ajili ya mtihani?

Na dunia yenyewe haisahau. Mwezi wa Aprili mwaka 2017, vyeti vya watumishi wa umma vilipohakikiwa, zilitangazwa habari za watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Walikuwamo watu wazima, wenye wake na waume na watoto wanaosomeshwa. Hatujui la kila mmoja wao, na hesabu yao iko kwa Mola wao. Twasema tu kwamba uongo wa mwaka mmoja huweza kungoja miaka ishirini.

Wazazi wengine husema: Mtoto ni mdogo, dhambi ni yetu sisi, yeye hana. Twawajibu kwa kisa cha Abdallah bin Amir. Alikuwa mtoto, na Mtume (S.A.W.) yumo nyumbani mwao. Mama yake akamwita aje ampe kitu. Mtume akamwuliza mama alikusudia kumpa nini, naye akajibu kuwa ni tende. Akamweleza kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Tende moja, ndugu zangu! Je, mzazi anayemkalisha mwanawe usiku na kumfundisha, ukiulizwa unakaa wapi useme hivi, ukiulizwa baba yako nani useme hivi, amemfundisha elimu gani kabla hajafika hiyo shule?

Sasa twageukia upande wetu wenyewe, maana ni rahisi kumsema mgeni. Sisi wa uwanda huu wa juu, tangu Mnyambe hadi ukingo wa Newala unaotazama bonde la Ruvuma, na ndugu zetu wa Masasi huko chini, tumeyafanyia nini mafungu yale tuliyowekewa? Habari ya mzazi wa kusini anayemwambia mwanawe aandike makosa katika mtihani wa darasa la saba, ili asichaguliwe, imesemwa na viongozi na kuandikwa magazetini mara nyingi. Kisa ni kuogopa gharama, au kumtaka shambani, kwani mtihani huja Septemba na msimu wa korosho uko mlangoni, au binti amekwisha kuposwa. Wageni walitoka mbali kuzitamani nafasi zile, nasi tukawaagiza watoto wetu wazitupe. Kama aliyeandika anwani ya uongo ni mwongo, basi anayeagiza jibu la uongo kwenye karatasi ya mtihani tumwite nani? Huo nao ni ushahidi wa uongo: mtoto ashuhudie juu ya nafsi yake kuwa hajui anachokijua.

Na udhuru umepungua. Tangu mwaka 2004 zilipoanza kujengwa kwa wingi sekondari za kata, na tangu mwaka 2016 ilipofutwa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne, mtoto aliyefaulu hakosi pa kwenda. Mashindano yamehamia kwenye shule za bweni, na juu yake zile saba za wenye ufaulu wa juu zaidi: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na mbili za Tabora. Huko bado wazazi wanasukumana, na mambo ya zamani yanaweza kurudi kwa nguo mpya, ingawa siku hizi mwanafunzi ana namba yake ya usajili inayomfuata kila aendako, na hila imekuwa ngumu.

Lakini twawaomba wazazi wa huku walitazame jambo jingine la kuhama, ambalo halina uongo ndani yake na lina hatari kubwa. Sekondari ya kata ikiwa mbali, mtoto hupangiwa chumba karibu na shule, akakaa peke yake: binti wa miaka 14 anajipikia, anajichotea maji, anajifungia mlango usiku. Mzazi hakuhama, amemhamisha mtoto. Mama wa Imamu Shafii hakumpeleka mwanawe Makka na yeye akabaki Ghaza. Hatusemi kila mama ahame, la. Lakini wazazi watano wenye mabinti katika shule moja wanaweza kupanga nyumba moja, wakaweka bibi mmoja mwenye heshima akae nao kwa zamu. Na msimu wa korosho unapolipa, matofali ya bweni si mzigo kwa kijiji kilichoweza kuchangia msikiti. Twasema hivi tukijua kuwa wako watakaosema khatibu ameacha dini anazungumza matofali.

Na anayempeleka mtoto kwa ndugu mjini, Masasi au Mtwara au Dar es Salaam, asimpeleke na kumsahau. Tunajua watoto walioondoka huku kwa jina la wanafunzi wakafanywa watumishi wa nyumba: wanaamka kabla ya wote, wanalala baada ya wote, na daftari ni tupu. Ndugu aliyekubali kumlea amekubali amana. Aliyempeleka naye hakuitua amana hiyo, ameigawa tu. Aulize, afike, aone daftari kwa macho yake.

Mwenye nia ya kumhamisha mtoto kwa haki, na afanye mapema, si mwaka wa mwisho. Amwendee mwalimu mkuu, apewe barua ya uhamisho, shule mpya impokee kwa jina lake na la baba yake, na mtoto alale pale palipoandikwa. Na nyinyi mnaopokea, mtoto wa kuja akiketi dawati moja na wenu, msimwite mgeni maadam kweli anakaa nanyi.

Tunasema haya, nasi tunamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yetu na yenu na Waislamu wote, basi mwombeni maghufira.