Vidude vya Kupunguza Mafuta: Vinafaa au Havifai?

Leo nataka tuzungumze habari ya mafuta. Si mafuta ya kupikia, la, ni petroli na dizeli unayotia katika pampu ya kumwagilia, katika mashine ya kusaga, katika pikipiki au katika ile pikapu inayopeleka mazao yenu sokoni.

Bila shaka umewahi kuwaona wachuuzi gulioni wakinadi vidude vya kupunguza mafuta. Mmoja atakuonyesha sumaku ya kufunga kwenye mpira wa mafuta. Mwingine ana kifeni kidogo cha kutia kwenye njia ya hewa. Wa tatu anauza vidonge vya kutumbukiza ndani ya tangi, na wa nne ana chombo cha kutoa gesi katika maji, eti gari litatembea kwa maji. Wote wanasema neno moja: mafuta yatapungua kwa theluthi, hata nusu. Je, ni kweli?

Kwanza tuangalie injini inavyofanya kazi. Wachuuzi husema kwamba injini yako inatupa mafuta mengi yasiyoungua, na kidude chao kitayaunguza yote. Sivyo. Injini ya gari iliyo nzima huunguza karibu mafuta yote yanayoingia. Hasara kubwa iko mahali pengine: ni joto. Katika nguvu yote iliyomo ndani ya petroli, robo hadi theluthi hivi ndiyo inayogeuka kuwa kazi. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka kama joto kwenye bomba la moshi na kwenye rejeta. Sumaku haiwezi kuzuia joto hilo. Tena petroli si chuma, haivutwi na sumaku kama msumari.

Na kile chombo cha maji je? Ni kweli, umeme unaweza kutoa gesi ya haidrojeni katika maji, na gesi hiyo huwaka. Lakini umeme huo unatoka wapi? Unatoka kwenye injini ile ile, nayo inakula mafuta ili kuutengeneza. Unachorudishiwa ni kidogo kuliko ulichotoa. Ni sawa na kuchota maji kisimani kwa ndoo inayovuja, kisha kuyamwaga kisimani ukitumaini kisima kitajaa.

Jambo hili limepimwa. Huko Marekani, tangu miaka ya 1970, Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya serikali imechunguza vidude zaidi ya 100 vya namna hii. Vichache sana vilionekana kupunguza mafuta, navyo kwa kiasi kidogo tu. Vingine viliweza kuharibu injini au kuongeza moshi mchafu.

Utauliza: mbona jirani yangu amenunua, naye anaapa kwamba kinafanya kazi? Jirani yako huenda hasemi uongo. Angalia lakini alivyofanya. Siku ya kukifunga alimwita fundi. Fundi akasafisha kabureta, akabadili plagi, akatia upepo kwenye matairi. Naye mwenyewe, kwa kuwa alitaka kuona faida, akaanza kuendesha polepole. Mafuta yakapungua, na sifa zote zikakiendea kidude! Kumbe kazi ilifanywa na fundi na mguu wa dereva.

Sasa basi, tupige hesabu. Tuseme kidude kinauzwa shilingi 60,000 na lita ya petroli ni shilingi 3,000. Fedha hizo ni lita 20. Kama pampu yako inakula lita 3 kwa siku, umetoa mafuta ya siku sita na zaidi. Nyanya zikiwa katika maua, siku sita bila maji si mchezo. Na fundi akikata mpira wa mafuta ili kukifunga, kisha paanze kuvuja karibu na injini ya moto, utakuwa umenunua hatari ya kuunguza mashine.

Ukiwa bado na shaka, usibishane na mchuuzi. Mwambie mpime. Kausha tangi la pampu, tia lita moja kamili, washa, uone inajaza maji kiasi gani mpaka izimike. Fanya hivyo mara tatu bila kidude na mara tatu ukiwa nacho. Kisima kiwe kile kile, mipira ile ile, na mwendo wa injini ule ule. Kwa gari, jaza tangi mpaka juu, nenda njia ile ile na mzigo ule ule, kisha jaza tena uone limekula lita ngapi. Mchuuzi akikataa kupima, jibu umelipata. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Haya, ni nini hasa kinachopunguza mafuta? Shika mambo haya:

Kwanza, safisha chujio la hewa, hasa wakati wa vumbi. Dizeli ikitoa moshi mweusi, inapata hewa kidogo au nozeli zimechoka. Mwite fundi.

Pili, pima upepo wa matairi. Tairi laini huifanya injini ivute kwa shida.

Tatu, punguza mwendo. Barabarani, ukizidi kilomita 80 kwa saa, mafuta huliwa upesi. Shusha pia mizigo isiyo na kazi.

Nne, weka pampu karibu na maji, uzibe kila mahali panapovuja. Usitumie mpira mrefu na mwembamba kuliko inavyohitajika, maana maji hupita kwa taabu na injini ndiyo inayolipa.

Tano, katika mashine ya kusaga, kaza mkanda usiteleze, badili nyundo zilizolika, na usisage mahindi mabichi yenye unyevu.

Sita, hifadhi dizeli katika chombo safi chenye kifuniko. Maji na uchafu huua pampu ya mafuta na nozeli.

Tena, anzeni daftari. Kila unapotia mafuta, andika tarehe, lita, na kazi iliyofanyika. Baada ya mwezi mmoja utajua mashine yako inakula kiasi gani. Siku ulaji ukipanda ghafla, utajua pana ubovu, nawe utauwahi kabla haujawa mkubwa. Mkiwa na mashine ya kikundi, daftari hilo litaondoa pia maneno ya nani kaiba mafuta.

Ndugu mkulima, fedha ya mbegu na mbolea ina jasho lako ndani yake. Usiitoe kwa sababu ya maneno matamu ya gulioni. Kwa bei ya plagi moja, chujio safi na saa moja ya fundi utapata nafuu unayoweza kuipima mwenyewe.