TUZIJUE SHERIA ZA KODI NA ZA KAZI
(Hotuba ya mwenezi wa chama mbele ya wenye maduka, wachuuzi na wakulima wa Kashozi, Bukoba)



Nawashukuru kwa kuacha maduka na migomba yenu mkaja kunisikiliza. Leo sikuja na maneno ya kupigiwa makofi. Nimekuja na habari ya kodi, na najua neno hilo likitajwa watu huanza kutazama mlango.

Shangazi yangu ana duka la chumvi, sukari, sabuni na mafuta ya taa. Mwaka 2023 mauzo yake ya mwaka yalikisiwa kuwa shilingi milioni 6, akatozwa 100,000. Alilalamika kwamba ameonewa, nami nikamwamini, nikaenda kuuliza kwa hasira. Nilirudi nimeinamisha kichwa. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2019, mtu mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 alitozwa 100,000 ikiwa hana hesabu zilizoandikwa. Mwenye hesabu alitozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Milioni 6 ukitoa milioni 4 zabaki milioni 2, na asilimia 3 yake ni 60,000. Basi shilingi 40,000 za shangazi zilipotea kwa kukosa daftari, na madaftari yamo dukani mwake, anawauzia watoto wa shule!

Katika chuo cha ualimu tulilazimishwa kuandika andalio la somo kila siku, hata kwa somo tulilolijua kwa moyo. Tulinung'unika sana. Lakini mkaguzi akija, mwenye andalio husema, asiye nalo hukisiwa. Dukani ni vivyo hivyo. Andika tarehe, ulichouza, ulichonunua, na risiti uzitunze katika bahasha. Kazi hiyo yataka robo saa jioni, kabla ya kufunga.

Tena viwango hivi havikai mahali pamoja. Bajeti husomwa Juni, na mabadiliko mengi huanza tarehe 1 Julai. Mwaka 2022 ngazi za juu ziliunganishwa, mwenye mauzo kati ya milioni 11 na milioni 100 akatakiwa asilimia 3.5 ya mauzo. Angalieni, nimesema mauzo, sikusema faida. Muuza sukari ambaye faida yake ni ndogo hupimwa kwa mizani ileile ya mwenye faida nono, na mimi naona jambo hilo si sawa, nalisema hadharani. Mwaka 2023 kiwango cha kujiandikisha kwa kodi ya ongezeko la thamani kilipanda kutoka mauzo ya milioni 100 mpaka milioni 200. Kabla ya hapo, mwaka 2021, tozo ya kuendeleza ufundi iliondolewa kwa waajiri wenye wafanyakazi wachache, mpaka ikaanzia kwa wenye 10 badala ya 4. Ni wangapi humu walipata habari hizo kwa maandishi? Naona hakuna mkono ulioinuka.

Hapo ndipo nasema kosa si letu peke yetu. Wazee wanakumbuka kwa kusimuliwa habari za mwaka 1937, serikali ya Mwingereza ilipoleta kanuni mpya za ulimaji wa kahawa hapa Buhaya. Watu walizikataa, ukazuka ugomvi mkubwa, na wengi walishuku kwamba nyuma ya kanuni hizo kuna hila juu ya mashamba yao. Amri isiyoelezwa huzaa shaka, hata ingekuwa njema. Na Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka, mpaka Waziri Mkuu Majaliwa akaenda kukaa nao, sehemu kubwa ya malalamiko yao ilikuwa namna kodi inavyodaiwa. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba lugha ya sheria iwe Kiswahili. Vema! Basi tudai kila Julai karatasi ya Kiswahili, yenye viwango vipya, ibandikwe kwenye ofisi ya mtendaji wa kata, mahali ambapo hata bibi anayeuza senene ataiona.

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Tunalia tukionewa na mtoza kodi, lakini yule msichana anayefungua duka alfajiri na kulifunga usiku, nani anamlilia? Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataka masharti ya kazi yaandikwe, saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Kima cha chini kwa wafanyakazi wa biashara, kilichokuwa 115,000 kwa mwezi tangu 2013, kilipanda kuwa 150,000 tarehe 1 Januari 2023. Tangu 1 Januari 2026 amri nyingine imeanza, nayo imepandisha zaidi. Nimekuta mahali mtu akilipwa 60,000 na sahani ya ndizi, na mwenye duka akanijibu, "Huyu ni mtoto wa ndugu yangu." Mtoto wa ndugu naye ana tumbo na ana haki, na siku akienda kushtaki, tajiri asiye na karatasi hana la kujitetea.

Najua wengine mtasema duka halina uwezo huo. Huenda ni kweli. Basi mfupishie saa zake, mwandikie mkataba wa saa chache, mkubaliane waziwazi. Lakini usimfiche sheria inayomhusu.

Jumamosi ijayo baada ya soko nitakuwa hapa hapa. Kila mmoja aje na daftari, kalamu na risiti zake, hata zilizokunjika, tuanze hesabu za mwezi huu pamoja. Wenye wafanyakazi waje nao.