Funguo za Nyumba Zitamfikia Nani?

Hotuba ya mfanyakazi wa maendeleo ya jamii kwa wapangaji, wenye ploti na viongozi wa vikundi, Obunga, Kisumu



Nimeombwa niongee juu ya pesa za serikali za kujenga nyumba. Najua swali mlilokuja nalo: “Hizo nyumba zitafika Obunga lini?” Ni swali zuri, lakini liko lingine linalotangulia. Zikifika, funguo atapewa nani? Tusipojibu hilo mapema, tutaona nyumba zikiisha na sisi tumesimama nje tukipiga makofi.

PESA HIZI NI ZA NANI?

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa na ya usafi wa kiwango cha kuridhisha. Imesema kila mtu, si mwenye mshahara peke yake.

Mwaka 2018 serikali ilijaribu kuanzisha makato ya nyumba ya asilimia 1.5, mambo yakakwama kortini. Julai 2023 makato yakarudi. Novemba 28 mwaka huo Mahakama Kuu ikayakataa, na sababu moja ni kwamba yaliwabana walioajiriwa na kuwaacha wengine. Serikali ikaenda Bunge, na mnamo Machi 2024 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikatiwa sahihi. Hii sasa haikuacha mtu. Inadai asilimia 1.5 ya mapato hata kwa sisi tusio na mwajiri.

Hebu tupige hesabu. Soja wa usiku anayelipwa Sh12,000 kwa mwezi anakatwa Sh180, na mwajiri anaongeza Sh180 nyingine. Kwa mwaka hiyo ni Sh4,320. Kwa hivyo mtu asituambie ati serikali inatusaidia kwa huruma yake. Tumechanga. Na mwenye kuchanga ana haki ya kuuliza chungu kimepikwa wapi na nani amepakuliwa.

KWA NINI OBUNGA BADO?

Pesa za serikali hupenda kujenga mahali serikali ina ardhi. Hapa Kisumu, Makasembo palikuwa na nyumba za zamani za manispaa. Ardhi ni ya umma, kaunti ikakubaliana na mfuko wa pensheni wa LAPFUND, ujenzi ukaanza. Kule Nairobi, funguo za kwanza za nyumba za kijamii za Mukuru zilitolewa Mei 2025, na pia zimejengwa kwenye ardhi ya serikali.

Sasa angalieni kwetu. Obunga si kama Kibera. Huku zamani palikuwa mashamba na maboma ya watu. Mji ulipopanuliwa mipaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, sehemu kama Manyatta na Nyalenda ziliingizwa ndani ya manispaa huku ardhi ikibaki ya wenyewe. Hata leo sehemu kubwa ya ardhi katika mitaa yetu ni ya familia. Baba amegawia wanawe, mwana amejenga vyumba vya matope na mabati, anapangisha.

Hii ni baraka, maana si rahisi mtu kuja na tingatinga aseme nyote mmevamia. Lakini pia ni kizuizi, kwa sababu serikali haiwezi kujenga juu ya ploti ya mtu bila kukubaliana naye. Na wengi wetu tuliokaa hapa leo hatuna ploti. Sisi ni wapangaji. Jina la mpangaji haliko kwenye hati yoyote. Hiyo ndiyo hatari kubwa, na ndiyo iliyonileta.

HESABU YA MAMA WA MGONGO WAZI

Sheria ya 2024 imegawa nyumba kwa mapato. Mwenye chini ya Sh20,000 kwa mwezi amewekewa nyumba za kijamii. Wengi wetu tuko hapo. Mama anayekaanga mgongo wazi, kijana wa bodaboda, fundi wa jua kali, mama wa omena, hilo ndilo fungu letu.

Bei iliyotangazwa ya chumba kidogo kabisa katika fungu hilo ni Sh640,000. Sheria ilipopitishwa ilitaka mnunuzi atangulize asilimia 10, yaani Sh64,000. Mama akiweka Sh50 kila siku, hata Jumapili, atafika baada ya siku 1,280. Hiyo ni miaka mitatu na nusu, bila mtoto kuugua, bila karo, bila siku ambayo kiwanda hakina mifupa ya samaki ya kuuza. Nyinyi akina mama mnajua kama kuna mwaka wa namna hiyo.

Baada ya amana kuna malipo ya kila mwezi kwa miaka mingi. Mapato yetu ni ya siku, deni ni la mwezi. Leo umepata Sh600, kesho Sh100, keshokutwa hakuna. Mwenye ploti unaweza kumwomba akungoje mpaka wiki ijayo, na mara nyingi anakungoja. Je, ofisi itakungoja?

Sisemi haya ili mkate tamaa. Nasema ili tujue cha kudai. Tukiambiwa tutoe maoni, tusiitikie tu “nyumba, nyumba”. Tuseme: tunataka pia nyumba za kupangisha kwa kodi nafuu, na malipo yanayolingana na mapato ya siku. Tena tuombe mitaro, maji na vyoo katika ploti tulizo nazo, maana mvua ikinyesha maji machafu yanaingia kwa mpangaji na kwa mwenye ploti bila kubagua.

MPANGAJI NA MWENYE PLOTI

Hapa nitasema polepole, maana wote mko ndani. Mwenye ploti wa Obunga mara nyingi si tajiri. Ni dani mjane mwenye vyumba sita, na hiyo kodi ndiyo inayosomesha wajukuu. Ukimwambia abomoe, atakula nini miaka miwili ya ujenzi? Mwoga wake una sababu.

Mpangaji naye ameona mambo. Barabara ikitengenezwa na taa ikiwekwa, kodi inapanda, na yule aliyevumilia matope miaka kumi ndiye anayehama. Kwa hivyo makubaliano yafanywe kabla ya tingatinga kufika. Kodi itapanda kwa kiasi gani? Nani atarudi chumbani kwake? Iandikwe, itiwe sahihi mbele ya mashahidi.

Na mjue hili: Sheria ya Udhibiti wa Kodi, sura ya 296, inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Vyumba vingi vyetu vinaingia hapo. Mpangaji kama huyo hafukuzwi kwa kung’olewa mlango. Lazima kuwe na amri halali.

SOMO LA KIBERA

Septemba 2009 wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa nyumba za muda Lang’ata ili kwao pajengwe. Nyumba 822 zilikabidhiwa Julai 2016, karibu miaka saba baadaye. Katika miaka saba mtoto anazaliwa na kuingia darasa la kwanza. Waliohamishwa walikuwa wameandikishwa, na walikuwa na chama cha ushirika cha kuwekea akiba. Bila majina yale na chama kile, wangedai kwa nguvu gani?

TUFANYE NINI?

Kwanza, tujihesabu. Kila ploti iandikwe: mwenyewe ni nani, vyumba ni vingapi, nani anaishi humo na tangu mwaka gani. Jina la mama liandikwe pamoja na la baba, ili baba akifariki mama asifutwe. Nakala moja ikae kwa wazee wa mtaa, nyingine kwa vikundi.

Pili, tuweke akiba kwa pamoja. Chama hakizai pesa, lakini kinakushika mkono siku ya kukosa. Pesa zikae benki au SACCO iliyosajiliwa, si mfukoni mwa mweka hazina. Anayetaka kujiandikisha kwa nyumba aende Huduma Centre mwenyewe. Aulize masharti ya amana ya siku hiyo, maana kanuni hubadilika, na asimpe pesa mtu anayeahidi kumtengea nyumba.

Tatu, wenye ploti wakae pamoja. Ploti moja ni ndogo mno kwa jengo la maana, lakini nne au tano za jirani zinaweza kufanya mkataba. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020, mtu anaweza kupata hati ya nyumba yake ndani ya ghorofa. Msitie sahihi kabla wakili hajasoma, na msikubali maneno matupu ya “tutawarudishia”.

Nne, kaunti ikiita mkutano wa bajeti, twende. Tusiende mmoja mmoja kulalamika. Twende na ile orodha. Kiongozi anaweza kupuuza kelele, lakini majina ya watu wa Obunga, ploti kwa ploti, ni vigumu kuyapuuza.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kiwe na mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika ploti yenu, ni watu wangapi ambao majina yao hayako kwenye karatasi yoyote?
2. Kati ya mitaro, maji, vyoo na nyumba mpya, mngeanza na nini, na kwa nini?
3. Mwenye ploti na mpangaji wanaweza kukubaliana nini mwezi huu, hata kabla ya pesa yoyote kufika?