Sili Haivuji Bila Sababu

(Mazungumzo mbele ya wahitimu na wanafunzi, Kipawa, Dar es Salaam)



Kazi yangu ni gereji, hapa hapa Kipawa, kwa hiyo nitazungumza juu ya jambo la gereji: oili inayovuja kwenye gurudumu la nyuma na kuingia katika breki. Mfano wangu ni Land Rover ya zamani, ambayo wengi wenu mliipanda mlipopelekwa kazini mikoani. Ile ya Series III ilitengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Hata iliyo changa kuliko zote ina umri wa kumzaa mwanafunzi wa Kidato cha Nne, lakini bado inabeba watu na mizigo.

Sisi wa rika langu tunajua maana ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa haba, na vipuri vikawa adimu. Fundi hodari alikuwa yule aliyeweza kulifikisha gari kwa waya, kipande cha mpira wa tyubu na akili yake. Alistahili sifa. Lakini tabia za siku zile zimebaki hata leo, ambapo sili mpya inauzwa Gerezani. Katika breki, ndugu zangu, kubahatisha kunaua.

Tuseme gari limeletwa, tairi la nyuma limelowa upande wa ndani. Mwenye gari anasema, "Fundi, nibadilishie sili upesi, nina safari." Fundi mzuri hakimbilii spana. Kwanza anauliza: haya ni mafuta gani? Oili ya difu ni nzito, inateleza vidoleni, na harufu yake ni kali ya kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi, huoshwa na maji, na hubabua rangi ya gari. Ikiwa ni mafuta ya breki, sili haina kosa. Silinda ndogo ya gurudumu ndiyo inayovuja. Hilo ni la hatari zaidi, maana magari mengi ya zamani yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Yakimwagika kwenye gurudumu moja, yote manne hayana breki.

Ikiwa ni oili ya difu, swali la pili ni hili: kwa nini imevuja? Sili haivuji bila sababu. Juu ya ekseli pana kitundu cha kupumulia. Tope likikiziba, hewa iliyo ndani haina pa kutokea. Vijana wa fizikia watanisaidia hesabu: hewa iliyofungwa ikipanda kutoka nyuzi 27 hadi nyuzi 87 za Selsiasi, yaani kutoka 300 hadi 360 za Kelvini, mgandamizo wake huongezeka kwa sehemu moja ya tano. Nguvu hiyo huisukuma oili ipite kwenye ulimi wa sili, hata kama sili ni mpya. Na ekseli yenye moto ikiingia ghafla katika maji ya masika, hewa hujikunja na maji huvutwa ndani. Ukiona oili imekuwa nyeupe kama maziwa, ujue ndiyo hadithi yake.

Sababu nyingine ni oili kuzidishwa kupita tundu la kujazia, beringi kulegea hata habu ikayumba, au pete ambayo sili inasugulia kulika na kupata mfereji. Ukipitisha ukucha juu ya pete ukakwama, sili mpya itadumu siku chache tu. Badilisha na pete.

Sasa kazi yenyewe. Hapa nawaomba vijana msikilize vizuri. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaruhusu magurudumu kuzunguka kinyume, na gari linaweza kutembea ingawa breki ya mkono imevutwa. Ukichomoa shafti ya gurudumu, hakuna kinachozuia tena. Basi weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na ulaze ekseli juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Legeza breki, toa skrubu tatu za dramu, kisha dramu. Fungua bolti sita, chomoa shafti, fungua nati mbili za habu na kifungio kilicho kati yake. Habu itatoka pamoja na sili. Sili mpya ipakwe oili kwenye ulimi, iingie sawasawa kwa kugongwa juu ya ubao bapa, na ulimi wake uelekee kwenye oili.

Yale mavumbi ndani ya dramu msiyapulize, wala kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kisha kitupe kikiwa kibichi.

Lainingi zilizolowa oili wengine huzimwagia petroli na kuzichoma. Juu zitaonekana kavu, lakini oili imezama ndani. Breki zikipata moto katika mteremko wa Pugu, oili hiyo itarudi juu. Badilisha, na ubadilishe pande zote mbili, la sivyo upande mmoja utashika na mwingine utateleza. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka, pedeli huzama na gari haliwi lako tena.

Ndugu Mwenyekiti, mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iunganishe akili na mikono. Nimeonyesha kwamba hesabu ya darasani ndiyo inayoeleza kitundu kilichozibwa na tope. Wahitimu wenye magari nawaomba jambo moja: fundi akikuambia gari lilale kwake siku mbili atafute sababu, mpe siku hizo na umlipe kwa kufikiri kwake pia. Na ninyi vijana mtakaoshika spana, mwenye gari akikuharakisha, kumbuka abiria wanaomngoja barabarani. Wao hawajui jina lako, lakini maisha yao yamo mikononi mwako.